Tundu la Kufungiwa na Tundu la Kujifichia

Katika Kiswahili neno tundu lina maana mbili ambazo, kwa mtazamo wa kwanza, zinapingana. Tundu ni uwazi ulioko ardhini au ukutani, ambamo mnyama mdogo hujipenyeza ili ajiokoe na adui. Tundu vilevile ni kizimba cha fito au cha waya, ambamo mwanadamu humtia ndege, kuku au mnyama mwingine ili asitoroke. Tundu la kwanza mnyama huliingia kwa hiari yake. La pili huingizwa. Katika la kwanza kuta humkinga yeye. Katika la pili kuta hukinga mali ya aliyemfungia.

Mwalimu wa lugha huwaambia wanafunzi wake kwamba muktadha ndio utakaowaonyesha maana inayokusudiwa, kisha huendelea na somo. Lakini jambo hili halikomei kwenye msamiati. Limebeba swali la maadili ambalo yafaa tulitafakari pamoja: mtu akimtia kiumbe katika tundu la pili, je, ana wajibu wa kumpatia lile la kwanza?

Tuanze na mfano ulio karibu nasi. Katika Kivu ya Kusini, ng'ambo ya mpaka wetu, watu wengi hufuga mnyama mdogo aitwaye dende. Hana mkia, miguu yake ni mifupi, na asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, ambako wenyeji walianza kumfuga maelfu ya miaka iliyopita. Huko Kivu aghalabu hulelewa jikoni, akikimbia miguuni mwa wapishi na kula majani na maganda, na mara nyingi watoto ndio wanaomtunza. Kwa kuwa Buyenzi ni mtaa wa Bujumbura wenye jamaa wengi wa asili ya Kongo, si ajabu kumkuta dende hata huku kwetu.

Tuseme, basi, kwamba mtoto mmoja wa Buyenzi ameletewa dende na mjomba wake. Seremala ametengeneza kizimba kipya cha mbao na waya, nacho kimewekwa uani karibu na mlango, ili kila apitaye akione. Mtoto ametia humo majani mabichi na maji safi. Watoto wa nyumba za jirani wamekusanyika: huyu anaingiza kijiti, yule anapiga mbinja, wa tatu anataka apewe ambebe. Kutoka barabarani zinasikika nyundo za mafundi wa magari. Dende amejibanza pembeni, ameganda kama jiwe. Majani hayagusi. Mkono ukiingia, huruka na kujigonga kwenye waya. Siku ya pili mtoto anamlalamikia mama yake: "Mama, nimempa kila kitu. Mbona hanipendi?"

Katika maneno hayo machache mna fumbo ambalo hata sisi watu wazima hatujalifumbua vizuri. Mtoto hasemi uongo. Kweli ametoa alichonacho. Lakini yeye anaupima wema kwa kile alichokitoa, ilhali dende anaupima kwa kile kilichomfikia. Na kilichomfikia ni harufu asiyoijua, kelele asizozizoea, macho mengi yanayomkodolea, na mkono mkubwa unaomshukia kutoka juu mithili ya mwewe. Majani yale mabichi hayaonekani na mwenye hofu. Nia njema, kwa hiyo, ni mwanzo wa wema. Haijawa wema kamili mpaka imfikie mtendewa kwa sura anayoweza kuitambua.

Wahenga walisema: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Darasani tunaieleza methali hii kwamba mgeni hakosi jambo linalomtambulisha au linalombana katika mji wa watu. Maelezo hayo ni sahihi, lakini ni ya upande wa watazamaji. Tukiisoma kwa upande wa kuku, tutakumbuka kwamba kamba ile hakujifunga mwenyewe. Yuko aliyeifunga, naye ndiye mwenye swali la kujibu.

Wanafalsafa wamelijibu kwa njia mbalimbali. Immanuel Kant wa Ujerumani, katika karne ya 18, alifundisha kwamba kutowatesa wanyama kwa hakika ni wajibu wetu kwa wanadamu, kwani azoeaye kumtesa mnyama moyo wake huwa mgumu hata kwa watu. Jeremy Bentham wa Uingereza, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1789, aliona kuwa la kuuliza si kama mnyama aweza kufikiri au kusema, bali kama aweza kuumia. Kant anamwangalia zaidi mwenye kizimba. Bentham anamwangalia aliyemo kizimbani.

Nao Waislamu wa Buyenzi wamesikia tangu chuoni habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia: hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie mwenyewe. Wamesikia pia habari ya mtoto Abu Umair, ambaye Mtume alikuwa akimtania kwa upole kuhusu ndege wake mdogo. Na kutokana nayo wanazuoni wengi wameona kwamba kufuga ndege kunaruhusiwa. Habari hizi mbili zikisomwa pamoja, naona zinatupa kanuni iliyo wazi kuliko mabishano ya wanafalsafa. Kosa si kizimba peke yake. Kosa ni kumzibia kiumbe njia, kisha kutobeba dhamana yake. Aliyefunga mlango amejitwika yote ambayo mnyama angejitafutia kama mlango ungekuwa wazi. Sasa, je, mnyama aliye huru hujitafutia chakula tu? La hasha. Kabla ya chakula hutafuta pa kujificha. Maadamu ni hivyo, maficho nayo yamo katika deni la mfugaji, sawasawa na majani na maji.

Najua yapo mapingamizi. La kwanza litasema: watu wenyewe wana dhiki, huyu dende ni nani hata tumjadili? Jibu ni kwamba deni hili halina gharama. Chungu kilichopasuka, kilichogeuzwa kifudifudi na kuachiwa mwanya, kinatosha. La pili litasema: dende hufugwa ili aliwe au auzwe, basi hofu yake ina uzito gani? Lakini hata mnyama wa kuchinjwa tumeamrishwa tumnolee kisu vizuri. Kuwa na haki ya kumtumia hakufuti wajibu wa kumhurumia. La tatu ndilo zito zaidi: kama kizimba kinamtisha, kwa nini asifunguliwe aende zake? Kwa sababu mnyama aliyefugwa kwa maelfu ya vizazi hana tena mahali pa kurejea. Akiachwa katika barabara za Buyenzi, hatachukua muda kabla ya kukutana na paka, mbwa au gurudumu. Kumfungulia huko si kumpa uhuru, ni kumtupa.

Hata hivyo, kukubali deni si sawa na kujua jinsi ya kulilipa. Hapa twahitaji elimu, wala si huruma peke yake. Huko Ulaya na Marekani watoto wengi hufuga mnyama mwingine mdogo aitwaye hamsta. Kwa kumtazama juu juu waweza kudhani kwamba yeye na dende ni wamoja, kumbe tabia zao zimeachana. Dende hupenda kuishi na wenzake, na upweke humdhoofisha. Hamsta yule wa rangi ya dhahabu huishi peke yake, na akitiwa mwenzake kizimbani hupigana naye, hata kwa kuuana. Hamsta huchimba shimo na kutoka usiku. Amwamshaye mchana ili acheze naye anamtesa bila kujua. Basi mtu mwenye moyo mwema asiyejua tabia hizi, akimtenga dende ili apumzike na kumpa hamsta mwenzi ili asipweke, atakuwa amewadhuru wote wawili kwa upendo.

Historia ya hamsta huyo yenyewe ni onyo. Mwaka 1930, mtaalamu wa wanyama Israel Aharoni alipata katika shamba karibu na mji wa Aleppo, nchini Syria, mama mmoja pamoja na watoto wake, waliofukuliwa kutoka shimo refu. Mama yule, alipojikuta ametolewa shimoni na kutiwa mahali pageni pamoja na wanawe, alimuua mmoja wao, na Aharoni naye akamuua mama ili kuwaokoa waliobaki. Walipofikishwa Jerusalem, baadhi yao walitafuna mbao za kizimba na kutoroka. Hao wachache waliosalia wakazaa, na uzao wao ukaenea katika maabara na majumba ya dunia. Mama yule hakuwa katili. Alikuwa amenyang'anywa tundu lake, na kiumbe aliyekosa pa kukimbilia hutenda mambo yasiyo ya tabia yake.

Mfano wa pili ni wa Afrika ya Mashariki, nao unatia moyo. Mjini Morogoro, Tanzania, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likiwafundisha panya buku tangu mwaka 2000 kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na baadaye kutambua kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa huko mwaka 2013, akapelekwa Kambodia mwaka 2016, akagundua mabomu 71 ya ardhini, akatunukiwa nishani ya dhahabu nchini Uingereza mwaka 2020, na akafa mwaka 2022. Watu husifu pua yake. Sifa yangu mimi naielekeza kwa waliomlea. Panya hao, wangali wachanga na macho yao yakiwa yamefumbuka juzi tu, huzoezwa pole pole mikono ya watu, sauti, nyasi na mitetemo ya gari, na kila hatua huambatana na chakula. Na ndani ya kizimba cha kila panya huwekwa chungu cha udongo, ambamo hulala na kujificha. Tundu ndani ya tundu! Kiumbe yule anayetakiwa aende uwanja wa mabomu bila woga, kwanza alipewa mahali pa kuogopea.

Tukirudi kwenye lugha, tutaona kwamba Kiswahili kililijua jambo hili zamani. Twasema tua, yaani kushuka na kukaa chini kwa aliyekuwa angani au mwenye mzigo. Kutokana nalo tukapata tulia. Hakuna awezaye kutulia kama hana pa kutua. Tena twasema zoea, na kutokana nalo zoeza. Zoeza ni kazi ya mfugaji: anaweza kusogeza majani, kunyamaza, kukaa karibu na kizimba kila jioni. Lakini zoea ni kazi ya mnyama mwenyewe, wala hakuna mwingine awezaye kuifanya kwa niaba yake. Ndipo wakifikia zoeana, kitenzi kisichokubali mtendaji mmoja.

Mtoto wetu wa Buyenzi, kwa hiyo, na ashauriwe hivi. Akiondoe kizimba mlangoni, akiweke penye utulivu, upande mmoja ukifunikwa kwa gunia. Atie humo chungu cha kujificha, na nyasi kidogo za pale dende alipotoka, ili harufu ya kwao imlaki ugenini. Amtafutie mwenzake. Kwa siku chache ampe chakula na maji, kisha aondoke. Baadaye aweke mkono wake chini, wenye jani, autulize hapo, wala asimfuate dende anapokimbilia chunguni. Siku dende atakapotoka mwenyewe na kulichukua jani, mtoto atakuwa amepata kitu ambacho kwa nguvu asingekipata hata kwa mwaka mzima. Maana imani ya yule asiyeweza kukataa si imani, ni kushindwa tu. Chungu kile ndicho kinachompa dende uwezo wa kukataa. Na kwa hiyo ndicho kinachoipa thamani siku atakayokubali.

Walimu wenzangu, mtu si dende, wala darasa si kizimba. Hata hivyo kila mwaka twapokea wanafunzi waliohamishwa kutoka mahali pengine bila kuulizwa, wakaketi pembeni kimya, wakiogopa kufungua kinywa kwa Kiswahili wasije wakachekwa. Aghalabu twauita ukimya huo uvivu au kiburi, na twaharakisha kuwainua wasimame mbele ya wenzao. Huenda ukimya ule ni chungu chao. Tusiuvunje. Tuketi karibu nao, tuseme nao kwa upole, tuweke somo mahali wanapoweza kulifikia, tungoje. Aliyejaliwa mamlaka juu ya mwingine, awe mtu au mnyama, asiulize kwanza kama anapendwa. Aulize kama yule aliye mikononi mwake anapo mahali pa kujificha naye.