Nani Hatukumwona Jumapili?

Somo: Waebrania 10:24–25



Katika sharika zetu nyingi, wakati wa matangazo mzee wa kanisa husoma mahudhurio ya ibada iliyopita: wanaume, wanawake, watoto, kisha sadaka. Idadi ikishuka kwa majuma kadhaa, baraza hukaa, na mara nyingi huamua kununua vyombo vipya vya muziki au kualika mhubiri mgeni. Si vibaya. Ila tunahesabu waliokuja tu, wasiokuja hatuwataji.

Andiko la leo tumezoea kuwakemea nalo watoro, kwa sababu linaonya dhidi ya kuacha kukusanyika. Tuanze na aya iliyotangulia: waamini wanaagizwa waangaliane na kuhimizana katika upendo na matendo mema. Wajibu umeanzia kwa aliyepo.

Hilo limewahi kufanyika kwetu. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930 ukafika Uganda, Bukoba na Kenya, ulienezwa kwa sehemu kubwa na walei waliotembeleana, wakaungama dhambi na kuombeana. Nao maaskofu Wakatoliki wa ukanda huu, mwaka 1976, waliziweka jumuiya ndogondogo za Kikristo mbele katika mipango yao ya kichungaji. Parokia nzima haiwezi kumjua kila mtu, majirani wanajuana.

Na jirani ndiye ajuaye kwa nini mtu amepotea. Yupo mama aliyefiwa na mume, anaona haya kuja kwa sababu ahadi ya ujenzi hajaimaliza. Yupo kijana wa bodaboda, ambaye asubuhi ya Jumapili ndiyo anapata abiria. Yupo mgeni tuliyemsimamisha ajitambulishe, tukampigia makofi, tukatoka bila hata mmoja kumuuliza anakaa mtaa gani. Spika kubwa haitawarudisha hawa.

Kwa hiyo, wiki hii kila jumuiya, kabla ya sala ya kufunga, iulizane: nani hatukumwona? Wachaguliwe wawili waende kwake kabla ya Jumamosi. Daftari la michango walibakize nyumbani. Wakifika wasimhoji, wakae, wamsikilize, waombe naye. Akiwa mgonjwa, mchungaji aambiwe. Kama kazi ndiyo inayomzuia, aulizwe ni saa ngapi anaweza, na baraza lifikirie ibada ya jioni. Akisema tulimkosea, aombwe radhi palepale.

Mchungaji wa Luka 15 hakusubiri kondoo arudi mwenyewe. Alimfuata mpaka alipompata. Nasi tusisubiri mkutano wa Injili wala ujio wa askofu. Kabla ya Jumapili ijayo, kila jumuiya ibishe hodi kwenye nyumba moja.

Bwana awabariki.