Jino Halina Kosa

Tukisema juu ya mila za bankambo, mara nyingi tunasema juu ya mambo makubwa: ndoa, matanga, kiti cha mwami, majina ya ukoo. Hapa tunataka kusema juu ya kitu kidogo sana, chenye kushikwa na vidole viwili: jino la mutoto. Ni kidogo, lakini katika inchi yetu kimekwisha kuamua nani ataishi na nani hataishi. Kwa hiyo swali letu ni hili: je, mutu anaweza kuwa na kosa kwa sababu ya namna mwili wake ulivyoota?

Kila mama anajua desturi ya kinywa. Meno ya kwanza yanatokea chini, mbele, mawili. Kisha yanafuata ya juu. Lakini kuna watoto wenye kutanguliza ya juu. Kwa Walamba na Wabemba, mutoto wa namna ile anaitwa chinkula. Wazee walisema kwamba chinkula ni hatari kwa jamaa yote: kila mara jino lake moja la utoto linaanguka, mutu mumoja wa ukoo anakufa. Sasa hesabu mwenyewe. Mutoto ana meno 20 ya utoto. Ni ukoo gani utakubali kulipa deni la namna ile? Kwa hiyo mutoto alitupwa mtoni ao aliachwa porini, na mama yake alikatazwa kumulilia.

Tusifikiri kwamba ilikuwa mambo ya Katanga peke yake. Kule pwani, kwenye Kiswahili chenyewe kilizaliwa, kamusi zinaandika neno kigego: mutoto mwenye kuotesha meno ya juu mbele ya yale ya chini, mutoto wa kisirani. Livingstone, aliyefika kwa mwami Kazembe karibu na mto Luapula mwaka wa 1867, alieleza katika kitabu chake cha safari, kilichotolewa mwaka wa 1874 nyuma ya kifo chake, kwamba mutoto wa meno ya juu aliuawa, na kwamba imani ile ilienea mahali pengi. Tena alieleza jambo lenye kutufikirisha: kule kwa Kazembe, mutoto aliyehesabiwa kuwa na kasoro aliitwa mutoto wa Mwarabu, na kama Mwarabu alikuwa karibu, alipewa yeye. Tutarudilia neno hilo, kwa maana ndani yake kuna mulango.

Mbele ya kuhukumu, haki inatuomba kusikiliza. Wazee wetu hawakuwa wanyama. Mutu mwenye kubeba mutoto wake mpaka mtoni hakufanya vile kwa furaha. Alifanya kwa woga, na woga ule ulikuwa na sababu yake. Tuangalie miezi ambamo meno yanatokea. Jino la kwanza linakuja karibu na mwezi wa sita, mara nyingine mbele, mara nyingine nyuma. Ni wakati uleule ambapo kinga mutoto aliyoipata katika damu ya mama inapunguka. Ni wakati uleule anaanza kula chakula kingine pamoja na maziwa. Ni wakati uleule anaanza kutambaa na kutia kila kitu kinywani. Kwa hiyo kuhara kunamushika, malaria inamushika, homa inapanda. Watoto wengi walikufa katika miezi ile. Na wazazi, wakifungua kinywa cha marehemu, waliona nini? Waliona jino jipya. Jino lilikuwa shahidi tu mahali pa kifo, lakini walilikamata kama ndilo muuaji.

Sisi wenye kufundisha tunajua kosa hilo la kufikiri, juu wanafunzi wanalifanya kila mwaka: vitu viwili vinatokea pamoja, kwa hiyo wanasema kimoja kimezaa kingine. Jogoo analia, jua linatoka; lakini si jogoo anayeamusha jua. Katika darasa, kosa hilo linaondoa pointi mbili. Katika kijiji, liliondoa mutoto.

Wanganga wa meno wanatuambia nini? Wanasema kwamba meno ya utoto yanaanza kufanyika ndani ya tumbo la mama, karibu na juma la sita la mimba. Wakati mutoto anazaliwa, meno yake yote 20 yamekwisha kuanza kujengwa ndani ya taya, yanangojea. Kila moja lina wakati wake. Ya chini yanatangulia kwa watoto wengi, lakini hakuna sheria ya mwili yenye kukataza ya juu kutangulia. Kuna hata watoto wenye kuzaliwa na jino kinywani; inatokea kadiri ya mara moja katika kuzaa 2000 ao 3000. Mara nyingi ni jino la kawaida la utoto, lililoharakisha tu. Kama linatikisika sana ao linaumiza ulimi wa mutoto ao ziwa la mama, munganga anaangalia la kufanya. Hakuna zaidi. Mwili wa mutoto hauandiki barua kwa ukoo.

Mutu mumoja atasema: «Mwalimu, ile ni mambo ya zamani. Sasa nani anatupa chinkula?» Tunajibu: jina linaweza kusahaulika, lakini woga unabadilisha nguo tu. Katika Uganda, Tanzania, Kenya na inchi zingine, na hapa Kongo pia imeonekana, kuna watu wenye kusema kwamba mutoto mwenye kuhara na homa ana meno ya uongo. Kule Tanzania wanayaita meno ya plastiki. Wanaangalia ufizi wa mutoto wa miezi michache, wanaona mahali pameinuka na kuwa peupe, wanasema hapo ndipo mududu. Kumbe ni jino la chonge lenye kulala chini, bado halijatokea. Wanalichimba na kisu, ao spoku ya kinga, ao musumari wenye moto. Mutoto anatoka damu nyingi. Wengine wanashikwa na pepopunda ao sumu ya damu, wanakufa. Na yule anayepona, mara nyingi jino lake kubwa linakuja limepotoka, ao lina madoa, ao halikuji hata kidogo, kwa sababu mbegu yake ilikuwa karibu na ile iliyochimbwa. Tazama basi: mutoto alikuwa na kinywa kizuri, sisi wakubwa ndio tulitengeneza kasoro, kwa kutafuta kasoro isiyokuwako. Na kuhara, ambako kulihitaji maji yenye sukari na chumvi ya serum na njia ya kwenda lopitali, kunaendelea.

Kuna mufano mwingine, wa upande wa Goma. Kule chini ya volkeno Nyiragongo, watu wengi wana meno yenye madoa ya kahawia. Mugeni anawaangalia, anasema: hawa hawasugue meno. Si kweli. Volkeno inatia katika maji madini yenye kuitwa floridi. Yanatoka katika mawe, na moshi wake unaanguka pamoja na mvua yenye watu wanateka juu ya mabati. Kidogo yake inasaidia meno, lakini Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linaonya kwamba katika litre moja ya maji yasipite miligramu 1,5. Mutoto mwenye kunywa kupita hapo katika miaka yake ya kwanza, wakati ganda la meno yake makubwa linafanyika, anabaki na alama ile maisha yote. Amekunywa maji ya kwao, ndiyo yote aliyofanya. Tena mwanamuke kijana anafunika kinywa na mukono wakati anacheka, kama vile ameiba kitu.

Lakini tusimame kidogo. Kuna meno mengine yasiyokuwa ya kawaida, na hayo bankambo waliyafanya kwa mikono yao na kwa sifa: meno yaliyochongwa. Makabila mengi ya Kongo walichonga meno ya mbele. Kinyago cha Mwana Pwo cha Wachokwe, chenye kuonyesha uzuri wa mwanamuke, kina meno yaliyochongwa. Je, tuweke desturi ile pamoja na ile ya chinkula? Tunasema hapana. Kuchonga kulileta maumivu, na kijana hakuwa huru kabisa kukataa, hilo tunakubali. Hatuombe mutu kurudilia. Lakini maana yake ilikuwa: wewe ni wetu, umekomaa, uso wako ni uso wa kwetu. Neno chinkula lilisema kinyume: wewe si wetu. Desturi moja iliingiza mutu katika hesabu ya watu, ingine ilimutoa.

Na tukitaka kujua uchungu wa kuhukumiwa kwa meno, tukumbuke ndugu yetu Ota Benga. Alikuwa Mbilikimo wa Kongo, na meno yake yalichongwa kufuatana na desturi ya kwao. Mwaka wa 1904 alipelekwa Marekani, akaonyeshwa katika maonyesho ya Saint Louis. Mwaka wa 1906 akawekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, katika nyumba ya nyani. Watu walilipa ili waone meno yake. Magazeti yaliyasoma kama alama ya mula watu. Baadaye, kule Lynchburg, meno yake yalifunikwa ili afanane na wengine. Mwaka wa 1916 alijiua. Sisi Wakongo tukisikia habari ile tunakasirika, na ni haki. Tunasema: wale wazungu waliona jino, hawakuona mutu. Basi hasira ile sherti irudi nyumbani pia. Yule mwenye kuona jino la juu la kitoto na kusema «huyu ataisha jamaa» anafanya kazi ileile ya yule aliyesimama mbele ya kizimba kule Bronx.

Tunajua jibu lenye tutapewa. Wakubwa watasema: «Mukianza kutoa hii, kesho mutatoa ile, na mwisho mila itabaki ganda bila yai.» Woga huo si wa bure, tumeona vijana wengi wenye kutupa kila kitu na kubaki bila kitu. Lakini tuangalie vizuri mila yenyewe. Juu ya nini watu wa Kazembe walisema «mutoto wa Mwarabu»? Wakisema vile, walipata njia ya kumutoa mutoto bila kumuua. Ile haikukuwa haki kamili, kwa maana mutoto alipoteza mama na ukoo, na wakati ule kupewa kwa wafanya biashara kunaweza kumaanisha utumwa. Hata hivyo inaonyesha kwamba ndani ya desturi kulikuwa mioyo yenye kutafuta pa kupitia. Livingstone alieleza pia kwamba kwa Wamakololo, muke mumoja wa mwami Sekeletu alikataa mutoto wa mutumishi wake asiuawe kwa sababu ya meno. Mwanamuke yule hakusoma kitabu cha munganga. Hakuwa muzungu, hakuwa mugeni. Alikuwa mutu wa mila, tena wa nyumba ya mwami. Ni kusema: aliyekataa ni mwana-mila kama vile aliyekubali. Kwa nini basi tumuite aliyeua muchungaji wa mila, na aliyeponyesha musaliti?

Kwa hiyo tunapendekeza kipimo kimoja cha kupepeta mila zetu. Kila desturi tuiulize: unamufanya mutu kuwa mutu zaidi kati ya watu, ao unamuondoa? Unamuhukumu kwa tendo lake, ao kwa namna alivyozaliwa? Kosa linaomba nia. Mutoto wa miezi saba hana nia ya kuua shangazi yake kwa kupoteza jino. Pasipo nia hapana kosa, na pasipo kosa azabu ni uonevu tu.

Sheria ya inchi yetu imekwisha kusema. Katiba ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kushitaki mutoto uchawi. Sheria ya ulinzi wa mutoto, ya tarehe 10 januari 2009, katika kifungu cha 160, inamupa mwenye kushitaki vile kifungo cha mwaka moja mpaka tatu, pamoja na malipo ya franka. Ni vizuri. Lakini sheria inafika nyuma, wakati mutoto amekwisha kufukuzwa na analala sokoni. Mbele ya sheria kuna bibi, kuna mama mukwe, kuna jirani mwenye kufungua kinywa cha mutoto na kunyamaza kidogo. Kunyamaza kule ndiko kunaanza mambo. Tunaomba mahali pa kunyamaza waseme: «Jino limetoka, Mungu asifiwe. Umemupeleka kwa kipimo? Amepata chanjo?»

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Ukoo uliotupa mutoto wake ulipata pengo, na hakuna tambiko lililolijaza. Tuchunge mila, ndiyo. Tuzichunge kama mama anavyochunga mutoto, akimuosha uchafu bila kumumwanga pamoja na maji. Na siku mutoto wa kwetu atacheka na meno mawili ya juu peke yake, tucheke naye.