Daftari la Bibi ni Mali ya Nani?

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Methali hiyo tunaitumia sana kwa mambo ya biashara. Lakini liko daftari lingine, lile linalolala chini ya sanduku la bibi, kati ya vitenge. Hesabu ya duka hamna. Muna siku za shamba tu. Leo nimepanda karanga. Mvua imechelewa. Panya wamekula mpunga. Fulani ameazima jembe, hajarudisha. Bibi akishafariki, wajukuu wanajiuliza: tulisome mbele ya watu, ao tulifunge?

Kuna wanaosema, eti mambo madogo kama hayo yana faida gani? Jibu liko hapa hapa Nyangwe. Mwaka 1871 David Livingstone alikaa kwetu tangu mwezi wa tatu mpaka wa saba. Karatasi zikamwishia, akaandika juu ya kurasa za gazeti la zamani. Ndiye aliyeeleza soko letu kando ya Lualaba, na namna wafuasi wa wafanyabiashara walivyopiga watu bunduki sokoni tarehe 15 Julai. Hesabu ya waliokufa aliyopewa ilikuwa kati ya 330 na 400, na wengi walikuwa wanawake. Mama zetu hao tunawajua kwa kalamu ya mgeni. Walilima nini wiki ile? Walimwachia nani watoto? Hakuna aliyeandika.

Wala si kwamba kalamu haikuwako. Katika nyaraka zilizohifadhiwa Ubelgiji ziko barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zilizoandikwa Kongo kabla ya mwaka 1900. Lakini nyingi ni maneno ya wakubwa, biashara na utawala. Baadaye, sheria ya mwaka 1917 ikaruhusu serikali ya Mbelgiji kuwalazimisha wanakijiji kulima, na pamba ikaingia Maniema kwa nguvu. Kilo za pamba zilipimwa. Uchovu wa mgongo haukupimwa. Basi mwanamke aliyeandika siku zake mwenyewe ametuachia kitu ambacho hakuna ofisi iliyokiweka.

Sasa je, tusome yote? Hapa ndipo pagumu. Bibi hakuandika kwa ajili ya mkutano. Yule Fulani wa jembe ana watoto, na pengine tunakutana nao kila siku ya soko. Siri ya jirani iliyoandikwa usiku, karibu na taa, ni amana. Aliyekufa hawezi kusema, “Hapo nilikuwa na hasira tu.”

Kwa hiyo wengine wanakata maneno. Mimi nasema kukata si kosa, ila tuulize: tunakata kwa faida ya nani? Turudi kwa Livingstone. Yale maandishi ya gazetini yalikuwa yamefifia. Mwaka 2011 wataalamu walitangaza kwamba wameyasoma tena kwa mwanga wa namna ya pekee, wakayalinganisha na jurnali yake. Kumbe alipoandika upya, yeye mwenyewe alikuwa amepunguza maneno juu ya ubaya wa watu wa msafara wake. Huko ni kukata kwa kulinda jina la nyumba yako.

Kipimo changu ni hiki. Tukificha jina la jirani ili watoto wake wasione haya, tumelinda amana. Tukifuta mahali bibi alipoandika kwamba babu alikunywa franka za mpunga wake, tumejilinda sisi, na bibi tumemnyamazisha mara ya pili. Na mbegu, mvua, njaa, namna ya kuhifadhi muhogo: hayo yasomwe wazi, kwani shamba lilifundisha wote. Na yasomwe kwa Kiswahili chake alivyokiandika, bila kukisahihisha kama kazi ya mwanafunzi.

Tusichelewe pia. Vita vya 1996 mpaka 1997, na vya 1998 mpaka 2003, vilikimbiza watu wengi wa Maniema. Anayekimbia hubeba mtoto na sufuria. Daftari linabaki kwa mchwa. Mwenye bibi aliye hai amuulize leo, kwa heshima: “Bibi, haya maneno yako, unataka yasomwe na nani?” Jibu lake litatuondolea ubishi mwingi.