AHADI YA MDOMO NAYO NI DENI

Mwezi wa Novemba 2025, huko Afrika ya Kusini, Bwana Nkosana Makate na kampuni ya simu ya Vodacom walimaliza ugomvi wao kwa mapatano. Chanzo chake ni cha mwaka 2000. Bwana Makate, kijana aliyekuwa akijifunza kazi ya uhasibu katika kampuni hiyo, alipendekeza njia ya mtu asiye na salio kumwomba mwenzake, bila malipo, ampigie simu. Mkubwa mmoja alikubali wazo lijaribiwe. Likifaulu, watazungumza juu ya fungu lake. Machi 2001 huduma ilianza, ikaleta faida kubwa. Fungu halikuja.

Wako wasemao kwamba wazo hilo halikuwa lake peke yake, maana kampuni ya MTN nayo ilikuwa na huduma ya namna hiyo, ikaiombea hataza, yaani hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi. Twawajibu hivi: hataza yauliza ni nani aliyetangulia. Ahadi haiulizi hilo; yauliza kama neno lilitamkwa. Aliyeahidi amejifunga.

Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilikiri kwamba makubaliano yalikuwapo, ila mkubwa yule hakuwa na mamlaka, na muda wa kudai ulikwisha pita. Tarehe 26 Aprili 2016 Mahakama ya Katiba ilitengua hukumu hiyo, ikaiamuru kampuni ijadiliane naye kwa nia njema. Hata hivyo ilipita miaka tisa mingine.

Sheria yaweza kuweka kikomo cha kudai, kesi zisiwe za milele. Lakini mbele ya Mungu deni halifi kwa kucheleweshwa. Papa Leo XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya wafanya kazi, alifundisha kwamba kumdhulumu mtu ujira wake ni kosa kubwa linalolia mbinguni.

Tusiinyoshee kidole kampuni peke yake. Wangapi kati yetu tulimwahidi mtumishi wa nyumbani kwamba tutamsomesha ushonaji, au kijana mchungaji kwamba atapewa ndama? Hakuna karatasi, hakuna shahidi, naye aona haya kukumbusha. Basi, baba na mama wa jamaa za Kikristo, jioni ya leo tuzikumbuke ahadi zetu. Dawa ya deni ni kulipa. Kumngoja mdai achoke si kulipa.