Formiga na Thamani ya Kazi Isiyoshangiliwa

Miraildes Maciel Mota, mwanasoka wa Brazili anayejulikana duniani kwa jina la Formiga, alizaliwa mjini Salvador mwezi Machi 1978, wakati ambapo wanawake wa nchi yake walikuwa bado wamekatazwa kisheria kucheza soka. Katazo hilo, lililotokana na amri ya mwaka 1941 na kutetewa kwa madai kwamba michezo ya aina hiyo hailingani na maumbile ya mwanamke, liliondolewa mwaka 1979. Hata hivyo, kufutwa kwa amri hakukufuta dharau iliyokwisha kuota mizizi majumbani, na ndiyo maana hata kaka zake walimpinga alipoanza kucheza mpira na wavulana.

Pamoja na pingamizi hizo, alishiriki fainali saba za Kombe la Dunia, kuanzia 1995 hadi 2019, na tangu soka ya wanawake ilipoingizwa katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1996 hadi mashindano ya Tokyo yaliyofanyika 2021, hakukosa hata awamu moja. Udumifu huo unastahili heshima zaidi kwa kuwa alicheza kama kiungo mkabaji, yaani mchezaji anayesimama mbele ya mabeki, akisoma hatari kabla haijafika langoni, akinyang'anya mpira na kuwapasia wenzake wanaokwenda kufunga. Hiyo ni kazi ya kukimbia sana na kutajwa kidogo, ambayo watazamaji wengi huitambua siku ile tu mwenye kuifanya anapokosekana.

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, lakini Formiga hakupata kutwaa dhahabu ya Olimpiki wala Kombe la Dunia. Mwaka 2004 na 2008 Brazili ilifungwa na Marekani katika fainali za Olimpiki, mara zote mbili katika muda wa nyongeza, na kati ya fainali hizo, mwaka 2007, ilifungwa na Ujerumani katika fainali ya Kombe la Dunia. Anayepima maisha kwa vikombe peke yake atasema mwanamke huyu alipungukiwa; anayepima kwa haki atakumbuka kwamba alipoichezea timu ya taifa kwa mara ya mwisho mjini Manaus mwaka 2021, akiwa na umri wa miaka 43, alikuwa akicheza na wasichana ambao hawakupata kuishi hata siku moja chini ya katazo lile. Mbivu za uvumilivu wake zimeliwa na hao.

Hata hivyo, jamii isijifiche nyuma ya ushujaa wa mtu mmoja. Ruhusa bila uwanja, mwalimu na malipo ya haki ni nusu ya haki, na mzazi, shule na klabu wanaowasifu mashujaa wa mbali wana wajibu wa kumpa mpira binti aliye karibu nao.