Simoni hakushuka mtumbwini

Nikiwa likizo Kisorya, baba mdogo aliniuliza: "Frateri, kuna jamaa wanataka kukodi mtumbwi wangu usiku. Niwape?" Hela aliihitaji kweli, ada ya binti yake. Nikauliza wanavulia nyavu gani. Kimya. Kumbe kokoro, linalozoa hadi samaki wachanga.

Kukodisha siyo dhambi. Katika Luka 5:3 Yesu mwenyewe aliomba mtumbwi wa Simoni, ila Simoni alibaki ndani, anajua unakwenda wapi. (Falsafa yangu yote haikunionyesha hilo!) Wengine hukodi wavushe watu. Hapo hesabu vichwa: MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, 20 Septemba 2018, imejaza kupita kiasi, walikufa zaidi ya 200.

Baba mdogo aliwakatalia. Ada bado tunaitafuta.