Jalada Lina Wenyewe

Mpelelezi wa mauaji akistaafu na kuwa mtunzi wa riwaya, wasomaji humpa heshima ambayo watunzi wengine huihangaikia miaka mingi: huyu, husema, aliyaona kwa macho yake. Nadhani heshima hiyo imepotea njia. Kulijua tukio hakumpi mtu haki ya kulisimulia. Mpelelezi alijua kwa sababu dola ilimruhusu kubisha hodi usiku wa manane, kumhoji mjane kabla ya matanga kuisha, kupekua sanduku la marehemu. Mamlaka hayo hurudishwa siku moja na sare, na sioni kwa nini mavuno yake yabaki kwa mstaafu.

Tulitazame jambo hili kutoka Rejaf, kusini mwa Juba, Sudan Kusini, kwenye chuo cha mafunzo ya polisi. Askari anayehitimu pale atafanya kazi chini ya sheria ambayo haiiachii dola kifo peke yake. Kifungu cha 206 cha Sheria ya Adhabu ya mwaka 2008 kinasema ndugu wa karibu wa aliyeuawa wakichagua fidia ya damu kwa mujibu wa mila, mahakama inaweza kuitoa badala ya hukumu ya kifo, pamoja na kifungo kisichozidi miaka 10. Ndugu wana kauli, basi, juu ya namna kesi itakavyokwisha. Ni ajabu wasikilizwe mahakamani kisha wasahauliwe kitabu kinapoandikwa. Tena jalada lenyewe la polisi si sauti ya shahidi. Mkutano wa lugha wa 1928 uliofanyika hapohapo Rejaf ulizichagua lugha kadhaa za kusini, Kibari na Kidinka zikiwemo, zitumike shuleni. Lakini lugha rasmi ya serikali leo ni Kiingereza, na mama aliyetoa maelezo kwa Kibari anaweza kuwekewa maneno yake katika lugha asiyoweza kuisoma. Anayelinakili jalada hunakili kalamu ya polisi.

Kenya ina mfano mchungu. Ian Henderson, afisa wa polisi ya kikoloni aliyeongoza msako wa Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alitoa The Hunt for Kimathi mwaka 1958. Kimathi alikuwa amenyongwa Februari 1957. Msakaji akasimulia, msakwaji hana pa kujibia. Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Githae Mũgo walipoandika tamthilia kuhusu kesi ya Kimathi, iliyotoka 1976, kazi yao ilikuwa kumpa Kimathi nafasi ya kujitetea.

Nitaambiwa kimya huwalinda wauaji, na wakati mwingine polisi wenyewe. Kweli kabisa, na Sudan Kusini hoja hii ina uzito wa pekee. Lakini anayejua uovu uliofichwa anadaiwa ushahidi: ataje majina, atoe vielelezo, anayetuhumiwa apate kujibu. Riwaya haimtaki afanye lolote kati ya hayo. Wengine watasema majina yabadilishwe, yaishe. Mahali ambapo kila mtu anajua ng'ombe wa nani walichukuliwa na nani alikufa akiwafuata, jina bandia humficha mtunzi tu.

Je, basi asiandike mtu juu ya mauaji? Muhammed Said Abdulla alikuwa mwanahabari kule Zanzibar alipomtunga mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, na Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa 1960, haikuhitaji jalada la polisi. Uhuru wake (na raha yetu wasomaji) ulitokana na kwamba hakuna aliyelazimishwa kumweleza chochote.

Mpelelezi anayo mali moja ambayo Abdulla hakuwa nayo, nayo ni halali yake: historia ya shaka zake, kwa nini alimwamini shahidi huyu na kumpuuza yule. Akitaka zaidi, aende kwa wenyewe upya. Joseph Wambaugh, askari wa Los Angeles, alichukua likizo kazini ili aandike The Onion Field, iliyotoka 1973, juu ya mauaji ya askari mwenzake, akawahoji wahusika. Safari hii aliuliza kama mtunzi, na kwa mtunzi mtu anaruhusiwa kufunga mlango.